Salamu ya Shimoni

Nyuma ya maduka ya viatu hapa Zhanxi, ugenini, wanachimba mtaro, na harufu ya udongo mbichi inapanda hadi chumbani kwangu. Viza imeniishia, kwa hiyo sishuki. Najifungia, nanusa.

Shimo lile la utotoni, kule kwetu, lilinuka hivihivi. Watafiti walikuwa wakifukua mji wa kale na makaburi yake nyuma ya shamba letu. Nilichungulia, ukingo ukamomonyoka, nikaporomoka hadi kando ya mifupa iliyolazwa kwa ubavu, ikielekea kibla. Nikanyoosha mkono nipande.

"Usiguse ukuta!" mtafiti akanikemea. "Hatujaupiga picha."

Basi nikasimama, viwiko nimevibana mbavuni, mguu mmoja juu nisije nikakanyaga vidole vya marehemu. Bibi akaja mbio. Kabla ya kuniuliza lolote, akawasalimu wafu kama kawaida yake: "Asalaam alaykum, enyi watu wa makaburini."

"Waalaykum salaam," nikaitikia kutoka chini.

Vibarua wao wa kuchimba wakatupa majembe wakakimbia.

"Huyu bado ni wangu!" bibi akafoka, akanivuta juu, na ukuta wao ukabomoka.

Sasa hivi mtu anagonga mlango. "Asalaam alaykum," inasema sauti ya kwetu, polepole. "Ndugu, umo?"

Nimebana viwiko. Siitikii.