Mpigaji wa Mwisho, Siku ya Nne

"Mchezo gani huo unachezwa siku nne, halafu pengine mshindi hakuna?" Ami yangu aliniuliza hivyo barazani kwetu Bagamoyo, nilipoitwa timu ya taifa ya kriketi. Kwake ulikuwa mchezo wa Wahindi wa mjini, si wa mtu aliyejifunza kurusha mpira kwenye mchanga mgumu wa Mbegani, maji ya bahari yakitoka.

Nilikwenda. Yalikuwa mashindano ya nchi zinazochipukia, nasi tulicheza Dar es Salaam. Wageni walituzidi kila kitu. Siku ya nne alasiri hatukuwa tena na namna ya kushinda. Kilichobaki ni kuhakikisha hawatutoi sote kabla ya muda kwisha, ili iwe sare. Nikaingia mimi, mpigaji wa mwisho, mtu ambaye kazi yake ni kurusha tu; nikitolewa, tumeshindwa.

Mpira wa kwanza ulinipata mbavuni. Mdakaji wao, aliyesimama nyuma yangu, akacheka.

"Nenda nyumbani, kaka, ukapumzike."

"Nyumbani ni hapa," nikamjibu.

Wakanizunguka karibu kabisa, wakisubiri nikosee. Kila mpira niliuzuia ukafia miguuni pangu, wala sikujaribu kukimbia kutafuta alama. Jua likashuka. Mwisho mwamuzi akatazama saa, akatangaza sare.

Wenzangu walinibeba nikipiga kelele za maumivu. Jioni ile nilikula pilau nimesimama, maana kwa mbavu zile kukaa kulinishinda, na kila aliyekuja kunipa pole nilimwambia anipe hongera.