Motere Iliyolazwa Mkekani

Mume wangu hakufa ziwani, ingawa watu wa mbali hudhani hivyo wakisikia kwamba alikuwa mwendesha pirogi, mtumbwi wa mbao. Alikufa kitandani, kwa ugonjwa wa figo, hapa Shasha, kando ya ziwa. Siku ileile mama yake aliagiza motere, injini yake, ing'olewe kwenye pirogi iletwe nyumbani. Ilifunikwa blanketi ikalazwa juu ya mkeka, katika chumba tulichokuwa tunalala. Katika ukoo wao, kitu cha kazi cha marehemu hakiguswi mpaka kilio kiondolewe. Jembe huegemezwa ukutani na udongo wake. Panga halinolewi. Motere nayo ilipewa heshima hiyohiyo, lakini jembe linaweza kusubiri, motere haiwezi.

Nilijua hilo. Miaka yote tuliyobeba maharagwe na ndizi za watu kwenda Goma nilikaa nyuma karibu yake. Mimi ndiye niliyepima mafuta ya kuchanganya na esansi, yaani petroli, na mimi ndiye niliyeshika kle, spana yetu, alipokuwa akifungua. Nilijua kwamba esansi ikiachwa ndani hugeuka kuwa gundi, na kwamba motere ikilazwa vibaya mafuta hushukia kwenye silindri na kulowesha buji, plagi za kutoa cheche. Nilimwambia mama mkwe mara moja tu.

Akanijibu, "Na yeye tulimulaza. Utamusimamisha?"

Sikurudia. Yeye alikuwa amefiwa na mtoto, mimi nimefiwa na mume. Hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kugombana.

Kilio kiliondolewa wakati wa mavuno ya maharagwe. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alishuka kutoka Nyabiondo kwa pikipiki. Yeye ni mkulima, ana ng'ombe wachache, na anaogopa maji. Baada ya sala na chakula, ukoo ulikaa. Shemeji alisema kwamba kuna mtu Goma anayenunua motere zilizokufa ili atoe vipande. Heri iuzwe kabla haijaoza yote.

"Kama inawaka," akasema, "inabakia kwako, utakulisha nayo batoto. Kama haiwaki, kesho naenda nayo."

Wote walikubali, nami nikakubali. Pirogi bila motere ni mti uliochongwa tu, na bila pirogi sikuwa na kazi nyingine. Lakini sikuona uonevu katika maneno yake.

"Kesho saa ngapi?" nikauliza.

"Nikimaliza chai."

"Basi, Shemeji, kunywa pole pole."

Watu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka katika nyumba ile tangu msiba.

Asubuhi tuliibeba wawili hadi pwani, tukaifunga nyuma ya pirogi. Shemeji alikuwa amevaa shati lake jeupe la sala na alikuja na kikombe cha chai mkononi. Nilimwaga esansi yote ya zamani iliyokuwa kwenye tangi. Ilinuka kama rangi ya milango. Niliweka mpya, nikakamua ule mpira wa katikati ya bomba la esansi mpaka ukawa mgumu mkononi. Ukiwa mgumu, esansi imefika. Ukibaki laini, kuna mahali inavuja au inavuta hewa. Ulikuwa mgumu. Nikahakikisha gia haijaingia, nikavuta kamba. Motere ilizunguka kwa uzito, kama mtu anayegeuzwa usingizini, ikanyamaza. Nikavuta tena na tena.

"Ngombe yangu ikikataa kusimama," Shemeji akasema, "mimi naivuta mukia."

"Na mimi naivuta nini hapa?"

"Kweli. Lakini ngombe huwa inakasirika."

Nilichukua kle ili nifungue buji. Hapo mkono wangu ulisimama. Buji zile zilikazwa na mume wangu, kabla hajalala kitandani. Nikilegeza, kile kikazo cha mkono wake hakitakuwapo tena, hata nikikaza upya kwa nguvu zote. Shemeji aliona, akageuka akatazama milima. Kisha nikalegeza, maana kikazo hakilishi watoto.

Buji zote mbili zilikuwa zimelowa mafuta meusi, kama nilivyotegemea. Ili kuyatoa mafuta ndani, huvutwa kamba buji zikiwa nje.

"Ondoka hapo mbele," nilimwambia Shemeji.

"Naangalia tu tundu."

"Ondoka, Shemeji."

Hakuondoka. Nilivuta, na mafuta yaliruka yakamchora shati kutoka shingoni hadi tumboni.

"Ee Mungu wangu! Inatapika!"

"Ndiyo vile nilikuambia."

"Haukuniambia inatapika. Uliniambia ondoka!"

Nilisogeza mtungi wa esansi mbali, nikapangusa kila mahali, ndipo nikajaribu moto. Buji ya juu niliichomeka kwenye kofia ya waya wake, nikagusisha chuma chake kwenye mwili wa motere, nikavuta. Cheche ya buluu. Nilifurahi kupita kiasi, nikaharakisha, ile ya chini sikuijaribu.

Nilihamia kwenye karbirateri, mahali esansi inapochanganyika na hewa. Nilipofungua kikombe chake cha chini, nilikuta ute wa rangi ya asali umeganda. Ule ulikuwa mchanganyiko wake wa mwisho, aliouchanganya mwenyewe wakati mimi nilikuwa nimekwenda kuchuma sombe, majani ya muhogo. Niliukwangua kwa kucha nikauosha kwa esansi mpya. Sikulia. Sisemi hivyo kujisifu, ni kwamba nilikuwa na kazi. Tundu dogo la kupitisha esansi, tunaloliita jikleri, lilikuwa limeziba kabisa. Nililizibua kwa uzi mmoja wa shaba wa waya wa chaja ya simu. Waya wa chuma hupanua tundu, na likishapanuka motere inakunywa esansi kama mlevi. Nikapuliza, nikachungulia kwenye jua, nikaona mwanga.

Nikarudisha vyote. Nikavuta. Ikakohoa. Nikavuta tena, ikawaka, ikatoa moshi mwingi hadi mabata ya jirani yakakimbia.

Shemeji aliruka. "Imewaka! Basi, Shemeji, iko yako! Maneno imekwisha!"

Nilisikiliza. Haikuwa sauti yake. Ilitetemeka, ikichechemea, na maji ya kupoza yalitoka kwa nyuma kama kawaida, lakini nguvu haikuwapo. Nikaizima.

Shemeji alinitazama kama niliyemwaga maziwa makusudi. "Unazima nini?"

"Inatembea na silindri moja. Ziko mbili."

"Nimekupatia, na wewe unakataa?"

"Sikatai. Nikisema inawaka, nitakuwa nimekudanganya. Na muzigo haitafika hata nusu ya njia."

"Ngombe ya titi moja pia inatoa maziwa."

"Maziwa haizamishi bantu, Shemeji."

Akatikisa kichwa. "Na ikikataa kuwaka tena?"

"Utaibeba. Tulipatana."

Alikaa juu ya jiwe. Nadhani wakati ule alikuwa anataka iwake kuliko mimi.

Nilijaribu buji ya chini, ile niliyoiruka. Hakuna cheche. Niliibadilisha na ya juu. Ya juu ikakataa kwenye waya wa chini, na ya chini ikawaka vizuri kwenye waya wa juu. Basi ugonjwa haukuwa kwenye buji, ulikuwa kwenye waya. Nilivua kofia yake, nikakuta shaba ya ncha imekuwa kijani kwa unyevu wa kile chumba. Nilikata ncha, kipande kama ukucha, mpaka nikafika kwenye shaba inayong'aa, nikazungusha kofia ikauma upya. Nikavuta. Cheche, hata mchana ule ilionekana.

Niliporudisha yote ilichukua mvuto mmoja. Sauti ilikuwa nene na sawa.

"Panda," nikamwambia Shemeji.

"Mimi? Nimesikia kwa masikio, inatosha."

"Ukoo watakuuliza kama ilibeba muntu."

Alipanda, akashika mbao za pande zote mbili, akafumba macho. Tulikwenda hadi mahali mawimbi yanapoanza kuwa makubwa, nikageuza, tukarudi kwa nguvu yote. Alifungua macho tulipogusa mchanga tu. Mama mkwe alikuwa amefika pwani, amesimama na mikono nyuma.

"Mama," Shemeji akamwambia, "motere haikufa. Inabakia hapa."

Mama mkwe alisogea, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakiondoa haraka. "Iko na moto," akasema. Kisha akaniuliza, "Kesho uko unaenda Goma?"

"Naenda, Mama."

"Nitakuletea ndizi zangu."

Shemeji alipanda kwenda Nyabiondo kabla ya mvua. Kamba aliyokuwa ameileta ili afungie motere nyuma ya pikipiki aliniachia. Ni kamba nzuri, nyuzi zake hazijakatika hata moja. Ndiyo ninayofungia pirogi sasa.