Ripoti yangu ya kurasa kumi na nne kuhusu ska ilivyomtoa binti wa mwenye nyumba wangu kwenye bendi

Nchak. Nchak. Nchak.

Hiyo ndiyo sauti yenyewe. Ilitoka chumba cha pili, Jumamosi saa tisa alasiri, nikiwa mezani napambana na sura ya tatu ya tasnifu.

Nilisikiliza kwa makini. Mapigo yalikuwa na nafasi sawa kabisa kati yake, ila yaliangukia mahali pasipostahili, pale ambapo sikio linangoja kimya. Nikaanza kupima uwezekano. Mashine ya kufulia imelegea skrubu. Jirani anakata kabichi kwa hasira. Kisha ukafuata mlio mzito, kama ng'ombe anayeuliza swali, na taa yangu ya mezani ikatikisika.

Nikakimbia.

Nilipofungua mlango nilimkuta Keza, binti wa mwenye nyumba, umri miaka kumi na saba, anarukaruka papo hapo. Magoti juu, viwiko mbele na nyuma, na mikononi ameng'ang'ania chuma kirefu kinachong'aa.

Mimi ni mtu wa sayansi. Chuma, mtetemeko, soketi ukutani. Nikahitimisha kwamba ameshikwa na umeme.

Kwa kuwa mti haupitishi umeme, nilikwenda jikoni, nikachukua mwiko wa ugali, nikarudi nikampiga nao mkononi ili aachie.

"Aj! Tanti Neema, vad gör du?" alipiga kelele. Yaani, unafanya nini wewe!

Chuma kile kilikuwa tromboni, ile tarumbeta yenye mkono wa kuvuta na kusukuma. Nchak ilikuwa gitaa, ikitoka kwenye spika zake. Na kule kuruka kulikuwa kucheza.

Wakuu, sasa nawasalimu, maana kabla ya hapo msingenielewa. Majina nimeyabadili. Mengine yote ni kama yalivyotokea, mwaka juzi, hapa Stockholm, na pale nisipokumbuka vizuri nitakiri kwamba sikumbuki.

Nijieleze kidogo. Ni Mtanzania, mtu wa Morogoro, nilikuja kusoma shahada ya uzamili katika sayansi ya udongo. Nilipanga chumba mtaa wa Vårby gård kwa familia ya Warundi. Baba Keza ni dereva wa basi. Mama Keza anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, mimi changu cha darasani, wao chao cha Bujumbura. Keza alielewa kila neno na kujibu kwa Kiswidi.

Jambo moja mlifahamu kabla sijaendelea. Katika jumuiya yetu, mtu akisikika anasoma chuo kikuu, hugeuzwa ofisi. Kila Jumapili baada ya ibada nililetewa barua: za shule, za kodi ya nyumba, za meno. Nikisema "hii si mbaya", watu walikwenda kulala. Nikikunja uso, mtu alishindwa kula. Sikuomba cheo hicho, lakini nakiri kilininogea.

Basi, jioni ile Mama Keza alirudi kazini akakuta hali ilivyo: Keza anapaka barafu mkononi, mimi naomba radhi kwa mara ya sita, na kitandani kuna suspenda nyeusi, zile kanda za kushikilia suruali mabegani, pamoja na picha ya bendi.

Bendi, ambayo Keza hakuwahi kututajia, ilikuwa ya vijana sita wa Tumba, kitongoji cha mbali kidogo, pamoja na Keza. Walikuwa wapige kwenye jumba la vijana baada ya wiki nne. Katikati ya picha alisimama Mswidi mmoja, mpiga ngoma wao, kichwa kimenyolewa hadi kinang'aa, buti hadi nusu ya miguu.

Mama Keza aliketi bila kuvua koti.

Yeye alifika nchi hii miaka ya tisini. Kitu cha kwanza alichofundishwa na waliomtangulia ni hiki: ukiona kichwa kilichonyolewa na buti ndefu, vuka barabara. Aliwahi kuniambia kwamba siku moja alichelewa kuvuka. Hakusimulia zaidi ya hapo, nami sikuuliza.

"Dada Neema," alisema, "weye umesoma. Nitafutie. Hawa watu ni wazuri ao ni wabaya?"

"Mwache mutoto apige muziki," Baba Keza alidakia kutoka kwenye kochi.

"Weye nyamaza. Tangu nimeingia mguu wako unacheza."

Ni kweli. Spika hazijazimwa, na mguu wa Baba Keza ulikuwa unadunda zuliani kwa kufuata ile nchak. Aliutazama kana kwamba si wake.

Niliomba wiki moja.

Wakuu, nilitakiwa kujibu neno moja kati ya mawili. Mimi nikaenda maktaba.

Na niwaambie, nilifurahi. Sura ya tatu ya tasnifu niliiacha iote ukungu. Nilisoma jinsi ambavyo huko Jamaika, mwishoni mwa miaka ya hamsini, watu wa mitaa ya Kingston walikuwa wakicheza uwanjani mbele ya spika kubwa kama kabati za nguo. Walipigiwa sahani za santuri za Wamarekani weusi. Ladha ya Marekani ilipobadilika na sahani za namna ile zikawa adimu, wenye spika wakaingia studio na wanamuziki wa nyumbani. Hao wakachanganya jazi na mento, muziki wao wa asili, kisha wakampa mpiga gitaa kazi ya ajabu: agonge pale ambapo wengine wote wamenyamaza. Hapo ndipo nchak ilipozaliwa, na muziki wenyewe ukaitwa ska. Nchi ilipopata uhuru, huo ndio uliokuwa muziki wake.

Nikasoma kuhusu vijana wa mitaa ile wasio na kazi, walioitwa rude boys. Suti nyembamba, suruali fupi, kofia ndogo, na wengine kisu mfukoni. Nikasoma jinsi wahamiaji walivyousafirisha muziki hadi Uingereza, na watoto wa wafanyakazi wa kizungu wakaupenda kiasi cha kunyoa vichwa na kucheza ukumbi mmoja na Wajamaika. Hao ndio skinheads wa kwanza. Baadaye likaja kundi lililochukua kichwa na buti, likauacha muziki, na pengo lile likajazwa chuki. Na baada yao zikaja bendi za weusi na weupe pamoja, zilizovaa miraba myeusi na myeupe kwa makusudi kabisa ya kuwajibu.

Haya yote niliyaandika. Kurasa kumi na nne, tanbihi arobaini na moja. Niliyapanga kwa mfuatano wa wakati, kwa hiyo visu vikaja kabla ya kucheza pamoja, na chuki ikaja kabla ya jibu lake.

Jumapili, vyombo vilipoondolewa mezani, nikamkabidhi Mama Keza. Nilikuwa nimeitia jalada la plastiki.

Alivaa miwani. Alisoma kurasa tano, akishikilia mstari kwa kidole. Keza alisimama mlangoni akitafuna kamba ya kofia ya sweta lake.

"Ile neno, skinhead, umeliandika mara nyingi," Mama Keza alisema.

"Ni lazima, Mama Keza, kwa sababu kuna makundi mawili na yasipotofautishwa..."

"Nipeleke mwisho. Mwisho umesema nini?"

Nikamfungulia hitimisho. Akalisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma majibu ya hospitali:

"Kwa ushahidi uliopo, haiwezekani kusema kwa uhakika kwamba utamaduni huu hauna madhara kwa kijana husika."

Kwa lugha ya chuo, wakuu, sentensi ile ni sifa! Maana yake sijaona tatizo lolote, ila natunza adabu.

Mama Keza alivua miwani. "Haiwezekani kusema kwa uhakika. Basi kama weye mwenye masomo yote haya huna uhakika, mimi nitautoa wapi? Mutoto haendi."

"Mamma!"

"Haendi."

Baba Keza alijaribu. "Lakini ukurasa wa tisa hapa anasema..."

"Ukurasa wa tisa utakwenda kumutafuta Tumba akipotea?"

Baba Keza akaurudisha ukurasa wa tisa mezani.

Keza hakulia mbele yetu. Baada ya nusu saa nilisikia kitu kinawekwa nje ya mlango wangu. Nilipofungua nilikuta sanduku la tromboni, na yeye amesimama nyuma yake.

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinisemesha kwa Kiswahili. "Chukua. Ni yako sasa. Na wewe ndio utawaambia, mimi siendi kuwaambia."

Nilikaa na sanduku lile siku kumi. Kila nilipotaka kwenda kwa Mama Keza kufafanua, nilijikuta naandaa kiambatisho cha ripoti. Nilikuwa na rasimu tatu za kiambatisho. Keza alipita sebuleni kama abiria wa metro, bila kumtazama mtu. Nyumba ilinyamaza hadi nikaikumbuka ile nchak.

Kisha bendi ikamtumia ujumbe: asipothibitisha kufikia Jumamosi saa kumi na mbili jioni, wangemwita mpiga tromboni mwingine, maana onyesho limebakiza wiki moja. Keza alinionyesha simu, akaondoka.

Jumamosi nikabeba sanduku. Basi hadi Huddinge, kisha treni hadi Tumba. Mazoezi yalikuwa kwenye chumba cha chini ya jengo la makazi, mkabala na chumba cha kufulia. Yule wa picha ndiye aliyenifungulia, kichwa na buti na kila kitu.

Nitamwita Linus. Alinikaribisha kahawa na mkate wa mdalasini. Vijana wale wa Tumba walikuwa wamekaa kwenye masanduku ya spika, na mmoja alikuwa anamfundisha mwenzake kufunga tai.

Nikawaeleza kwa Kiingereza, kwa ufasaha na kwa aibu, kwamba Keza haji, na kwamba sababu ni mimi. Wakatazamana.

"Naweza kuisoma hiyo ripoti?" Linus aliuliza.

Nilikuwa nayo mkobani. Bila shaka nilikuwa nayo.

Alisoma yote. Wakuu, dakika ishirini na tano, mtu amevaa suspenda amekaa nyuma ya ngoma anasoma tanbihi zangu. Aliposimama kwenye ukurasa wa skinheads alijipapasa kichwa, akasema, "Mimi nywele zilinikimbia nikiwa na miaka ishirini. Afadhali nilizimalizia mwenyewe." Wenzake wakamzomea kwamba muongo, zilimkimbia akiwa na kumi na tisa.

Alipofika mwisho alinirudishia kwa mikono miwili.

"Ni nzuri sana," alisema. "Lakini sisi tuko ukurasa wa ngapi?"

Nikazipekua kurasa upya.

Hawakuwamo. Kingston ilikuwamo, London ilikuwamo, Tumba haikuwamo. Mama Keza hakuniuliza kuhusu Kingston.

Nikiwa natafuta pa kutazama, macho yaliangukia ukutani. Kulikuwa na karatasi yenye jedwali, na ninyi mnaojua Waswidi mnajua mapenzi yao kwa majedwali. Juu yake iliandikwa "Keza hem", Keza nyumbani. Safu moja tarehe za mazoezi, safu ya pili majina. Nikauliza.

"Ni zamu," mmoja alinijibu. "Kila mazoezi mmoja wetu anamsindikiza hadi mlango wa chini wa jengo lao Vårby gård, kisha anarudi. Yeye anatutaka tuishie kwenye lifti, anaona aibu kuonekana anasindikizwa."

Nililisoma jedwali lile kuanzia juu hadi chini. Kila mstari ulikuwa umewekewa alama ya vema. Jina la Linus lilikuwa mara nyingi kuliko la mtu mwingine yeyote, kwa kuwa, walisema, wengine huugua mafua.

Saa ilikuwa kumi na moja na nusu. Niliomba udhuru nikatoka nje.

Niweke somo hapa, kwa sababu baada ya hapa kuna simu tu. Nilijifunza kwamba mzazi akiuliza kuhusu watu, haulizi kuhusu historia. Historia ni nzuri na bado ninaipenda, lakini mlango wa Tumba ulikuwa mwendo wa dakika arobaini kutoka kitandani kwangu, nami nilichagua kwenda Kingston kupitia maktaba. Pia nilijifunza kwamba tahadhari ya kitaaluma, ikiingia kwenye nyumba ya mtu mwenye hofu halali, inaweza kufanya kazi ya uongo. Wenye uzoefu wa kugeuzwa ofisi ugenini, leteni yenu hapa chini. Na kama kuna aliyewahi kumpiga mtu mwiko kwa nia ya kumwokoa, asiniache peke yangu.

Nilisimama kando ya stendi ya baiskeli nikiwa na simu yangu ya batani. Niliandaa sentensi kichwani, nikaifuta. Nikaandaa nyingine, ikawa na "hata hivyo" mbili. Ilipobaki robo saa kabla ya muda wa bendi kuisha, nikapiga.

Mama Keza alikuwa zamu. Nilisikia sahani za wazee nyuma yake.

"Dada Neema? Iko shida?"

"Hapana. Niko Tumba. Nimekaa nao, wale wa bendi."

"Na yule wa kichwa?"

"Na yeye. Ndiye anayemsindikiza Keza hadi mlangoni kwako, mara nyingi kuliko wote."

"Mulango wangu mimi?"

"Wako, ule wa chini penye lifti. Wamepeana zamu, wameandika ukutani. Keza hakukwambia kwa sababu anaona aibu."

Sikusikia tena sahani. Nadhani alikuwa amesogea pembeni.

"Basi ni wazuri ao ni wabaya?"

Wakuu, maneno yote yalikuja mbio kunisaidia. Kwa kiasi fulani. Kwa kadiri nilivyoona. Niliyazuia mlangoni moja moja.

"Ni wazuri, Mama Keza."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Aende. Na huyo wa kichwa, siku ya zamu yake, mwambie asirudie kwenye lifti. Apande juu ale."

"Sawa, Mama Keza. Ile ripoti pia nitairekebisha, niongeze..."

"Weye! Usiandike kitu. Nimekwisha kukusikia."