Filimbi Nyuma ya Cherehani

Juzi nilikuwa saluni hapa mtaani kwetu Nyamirambo, nimeingiza kichwa kwenye lile dude la kukaushia nywele, simu ya msusi ikijichagulia nyimbo yenyewe. Mara kikaanza kishindo cha magita mazito, na juu yake filimbi. Si ile filimbi ya upole wanayoweka hotelini. Hii ilikuwa filimbi ya roki ya zamani, ya mtu anayepuliza huku ananguruma kooni kama ana ugomvi na bomba lake. Msusi akanyoosha kidole abadilishe. "Usiguse!" nikapiga kelele, saluni nzima ikageuka. Msichana wa watu akadhani nimeungua. Basi nikakaa pale nacheka na kulia kwa pamoja, na kwa kuwa yeye hakuniuliza kitu, nakusimulia wewe.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, naishi na bibi yangu mzaa mama kwenye nyumba ya uani, chini kidogo ya msikiti. Mbele yetu, upande wa barabara, palikuwa na kibanda cha fundi cherehani, na kati yetu naye ukuta mmoja tu wa matofali ya udongo. Kila kitu chake tulikisikia, na yeye akasikia chetu. Ukiniuliza utoto wangu ulikuwa na sauti gani, nitakwambia ni pedali ya cherehani, honi za pikipiki za abiria tunazoziita moto, adhana, na maharage ya bibi yanayotokota tangu asubuhi kwenye jiko la mkaa. Maharage yale! Aliyatilia samli ya kienyeji mwishoni, kijiko kimoja, na harufu yake ilifika hadi kwa fundi, ambaye kila siku alikumbuka ghafla kwamba ana jambo la kumwuliza bibi.

Fundi alikuwa Mwislamu wa kwetu hapa hapa, kofia kichwani, tepu shingoni, meno mawili ya mbele hana. Kaka yake alikwenda Ubelgiji, na badala ya kumtumia viatu kama kaka za wenzake, akamtumia kaseti. Maandishi yake yalikuwa yamefutika, kwa hiyo mpaka leo sijui wale watu ni akina nani. Upande mmoja wote ulikuwa wimbo mmoja. Ndiyo, mmoja! Ulianza na kinanda kama kanisani, ukaingia ngoma, ukasimama, ukageuka, ukawa kama umesahau ulikokuwa unakwenda. Sisi watoto tulijaribu kuucheza tukashindwa. Ukishapata mguu, wenyewe wameshabadilisha. Wateja walimwambia fundi, "Zima huo muziki wa wagonjwa." Yeye alicheka na kuongeza sauti.

Lakini katikati ya vurugu hiyo ilikuja filimbi, na hapo bibi yangu aliacha kila kitu. Ungo wa maharage magotini, mkono juu, sote kimya. Bibi alikuwa mtoto wa wafugaji, amekulia kilimani kwa ng'ombe, akaletwa mjini na ndoa. Kiswahili alijifunzia sokoni, ndiyo maana alikizungumza kwa amri tupu. Kwake ile haikuwa filimbi ya Mzungu yeyote. Ilikuwa umwironge, filimbi ya wachungaji wetu, na ule mngurumo wa kooni aliujua. "Huyu ni mtu wa kwetu," alisema. "Walimchukua huko Ulaya, sasa iko anaita ng'ombe zake." Na yale magita? "Ni ng'ombe. Zinamjibu." Nikimwambia ni gita, ananitazama kwa huruma.

Shida ni kwamba na mimi niliipenda ile filimbi mpaka nikakosa usingizi. Na bibi alikuwa na sheria zake za kilimani: mtoto wa kike hapigi mluzi, hapigi ngoma, hakamui ng'ombe, na filimbi ndiyo kabisa hagusi, ataleta balaa nyumbani. Nilishawahi kupiga mluzi mmoja tu, mdogo, wakati nafua. Yewe! Nilifukuzwa na mwiko hadi barabarani, dereva wa moto akaniuliza kama nahitaji kubebwa.

Fundi aliniona nasikiliza kwa kichwa kilichoegemea ukuta. Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu kupuliza akashindwa. Hewa yote ilipitia kwenye pengo la meno, ikatoka mate tu. Siku moja alichukua kipande cha bomba la plastiki la mafundi umeme, akapasha msumari kwenye makaa ya pasi yake, akatoboa matundu sita, akaziba ncha moja kwa kipande cha soli ya ndala. "Haya," akaniambia. "Mimi nitahesabu, wewe utapuliza. Na bibi yako akijua, mimi sikujui."

Nikawa namwambia bibi nakwenda kumsaidia fundi kushona vifungo, na vifungo kweli nilishona, kimoja au viwili. Halafu fundi aliweka kaseti, mimi nikajibanza nyuma ya cherehani na kupuliza juu ya ile filimbi ya kwenye redio yake ya kaseti. Wiki za kwanza nilitoa upepo mtupu na kizunguzungu. Wimbo wenyewe ulikwenda kwa saba, si kwa nne kama nyimbo za watu wenye akili, na fundi alinifundisha kwa mguu wake kwenye pedali: moja mbili tatu nne, moja mbili tatu. Mashati mengi ya Nyamirambo yalishonwa kwa hesabu hiyo, na wenye mashati hawajui.

Kisha bibi akaanza kusifia. "Fundi," alisema akipitisha bakuli la maharage dirishani, "huyo mtu wako siku hizi iko na pumzi. Zamani alikuwa analia. Sasa amepona." Fundi akakohoa mpaka akavua kofia. Mimi nyuma ya cherehani nilitaka kuruka juu nimwambie bibi, ni mimi, ni mimi! Nikaumeza ulimi. Ningesema, bomba lingeingia jikoni chini ya sufuria, na huo ungekuwa mwisho wangu na filimbi. Nilifurahi na kuumia mahali pamoja. Unajua ilivyo kusifiwa na mtu umpendaye, na jina likaenda kwa mwingine?

Sasa ilikuwa mchana mmoja, jua kali, nimefumba macho, nimefika pale filimbi inapopanda juu kabisa. Sikusikia kitu. Nilidhani wale wa kwenye kaseti wameingia ile sehemu yao ya utulivu, nikaendelea, saba kwa saba, na fundi naye mguu wake haukusimama, kwa sababu cherehani yake haikuhitaji umeme. Redio ndiyo ilihitaji. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na mimi nilikuwa napuliza peke yangu Nyamirambo yote inanisikia.

Nilipofumbua macho bibi alikuwa mlangoni, na ungo wake. Aliitazama redio, taa yake imezimika. Akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani. Akanitazama mimi na bomba langu. Fundi akaanza, "Mama, mimi sikum..." Bibi akamnyamazisha kwa kidole. Bomba likanishuka mdomoni.

"Nani amekwambia uache?" akasema bibi. "Mchungaji haachi njiani. Anaacha ng'ombe zikishafika nyumbani."

Nikapuliza, naapa kwa Mungu, na machozi yakiingia kwenye matundu. Bibi akakaa kwenye kiti cha wateja. Hapo umeme ukarudi, redio ikanguruma, magita na ngoma na yule mwanaume wa Ulaya wote kwa pamoja. Bibi hakugeuza hata kichwa. "Fundi, zima hicho. Nasikiliza mtoto."

Kibanda kile kimebomolewa, pamejengwa ghorofa la maduka ya simu. Fundi alimfuata kaka yake, na bibi tulimzika kilimani kwao, mimi nikapuliza mbele ya wazee wa kiume na hakuna aliyethubutu kuninyamazisha. Siku hizi umeme haukatiki ovyo ovyo, na sote tunashukuru. Ila mara nyingine nakaa najiuliza, ungekuwa haukatiki siku zile, si bibi yangu angeondoka duniani akimsifu mtu wa kwenye kaseti?