Mtamba Aliyepotelea Kibuyuni

Ipo siku moja nikiikumbuka, mjukuu wangu, damu inanichemka hadi leo, na uzee wote huu. Kaa hapo. Umekuja kuniomba dua ya kuanzisha bahati nasibu ya baiskeli dukani kwako Omurushaka. Dua utaipata, lakini kwanza utanisikiliza.

Nilikuwa mwari, Wajerumani wakiwa bado wanatawala. Nilikuwa nimeposwa na kijana wa Nyakakika, Rwegasira, mchapakazi mwenye kucheka ovyo. Mahari yangu ilikuwa mtamba mmoja mwekundu aliyemlea mwenyewe tangu ndama. Baba alikuwa amekubali, na mimi nilikuwa nimekubali zamani kabla ya baba.

Basi siku ya gulio akaja mfanyabiashara mgeni, mwenye kanzu safi na maneno laini. Alifunga pembeni ng'ombe wa maziwa na ndama wake, mali ya kutamanisha kweli. Mkononi alishika kibuyu cha kahawa ya kutafuna. Alisema ndani mna punje moja iliyofungwa uzi mwekundu, na atakayeitoa ataondoka na ng'ombe na ndama. Mwenye mbuzi alete, achukue punje moja. Mwenye mtamba achote kiganja kizima. Ukikosa, ni hivyo, tafuna kahawa yako uende zako.

Unajua alivyotukamata? Kwetu Karagwe kahawa ndiyo makaribisho. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu hugawana punje mbili za tunda moja. Ukipewa kahawa huchungulii kibuyu. Ukichungulia, umemwambia mwenyeji wako kwamba ni mchawi. Mtu yule alikwisha kulijua hilo. Alichukua adabu yetu akaifanya mtego! Watu wakachota wakiwa wamegeuza nyuso pembeni, kwa heshima, na mbuzi wao wakaswagwa na vijana wa yule mgeni kuelekea mtoni.

Rwegasira akamleta yule mtamba. Nilimshika mkono nikamwambia, "Huyo ndiye mimi, unajua?" Akacheka. "Nitampelekea baba yako ng'ombe na ndama. Nani atasema mkwe wake ni maskini?" Akachota kiganja kizima. Punje zote zilikuwa tupu, hata moja haikuwa na uzi.

Hapo ndipo akasimama Mzee Shomari, mwenye duka la chumvi na nguo, aliyekuja kwetu zamani kutoka pwani. Alikuwa akichukia kamari kuliko nguruwe. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa yule bwana.

"Kimwage kibuyu," akasema.

"Sheria ya mchezo ni kwamba hakimwagwi," mgeni akajibu.

"Nani kaitunga?"

"Boma la Wajerumani limeniruhusu."

"Kibali kiko wapi? Mimi nimekaa na watu hawa, najua kahawa ya makaribisho haikaguliwi. Hii wewe hukuwakaribisha, umewauzia. Mtu akiuza, anaonyesha!"

Akampokonya kibuyu, akakimwaga juu ya ngozi mbele ya gulio zima. Tukainama wote tukatafuta. Uzi mwekundu haukuwamo, na wala haukuwahi kuwamo. Na ng'ombe yule wa maziwa? Mwenye ng'ombe akajitokeza kusema alikuwa amemwazimisha yule mgeni tu. Hata zawadi haikuwa yake, mwizi yule!

Tulimpeleka bomani. Walimchapa viboko, wakamtoza faini, na faini ikabaki bomani. Mifugo yetu ilikuwa imeshavushwa ng'ambo ya mto Kagera. Rwegasira alipouliza habari za mtamba wake, askari akamwambia kesi imekwisha. Imekwisha kwa nani? Sheria ilikuja imechelewa, ikachukua chake, ikamwacha yeye mikono mitupu. Mimi hilo sijalisamehe.

Akaenda Bukoba kubeba mizigo ili anunue mtamba mwingine. Hakurudi, na habari zake hatukuzipata. Baba alingoja kadiri alivyoweza, kisha nikaozwa kwa mtoto wa Mzee Shomari, ambaye ndiye babu yako. Alikuwa mume mwema, sina la kulalamika. Lakini Rwegasira nilimlilia, na babu yako alijua.

Kwa hiyo usiniambie eti ni mchezo tu, mwanangu. Nenda serikalini ukachukue kibali kabla hujauza tiketi hata moja, kisha ukibandike mlangoni wakione. Baiskeli iwe yako kweli, isimame barazani kila mtu aiguse. Waambie tiketi ni ngapi, na usizidishe kisirisiri. Ndugu zako wasicheze, hata mimi. Kura ichezeshwe mchana, mbele ya watu wasiokula kwako. Usipouza za kutosha, rudisha fedha za watu bila kununa. Na akija mtu na mahari ya binti wa watu mkononi, mfukuze, hata akikutukana. Maana wateja wako wana adabu, hawatakuuliza. Hao wasiouliza ndio utakaoulizwa habari zao na Mungu.

Haya, nyanyua mikono. Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyomliza mtu, na wateja wanaoweza kukutazama usoni kesho yake. Amina.

Sasa lile sanduku la tiketi ulilokuja nalo, lilete. Limwage hapa mkekani, nione.