Chapa Yangu kwenye Ngamia wa Wizi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa teke na ndama wa ngamia hata kabla sijaonyeshwa choo kilipo. Nilikuwa nimeajiriwa katika karantini ya mifugo nje kidogo ya mji wa Garissa, yaani uwanja wenye ua ambamo wanyama walizuiliwa na kuchunguzwa magonjwa kabla ya kupelekwa sokoni. Kazi yangu ilikuwa kumshika ndama mguu wa nyuma wakati anapigwa chapa. Nilimshika vibaya, nikarushwa, nikatua kwenye kinyesi kibichi, na wachungaji wakacheka mpaka wakakaa chini.

Meneja wa karantini, mtu wa maneno machache, hakucheka. Aliniinua, akanionyesha chuma cha chapa kilichokuwa kikiiva kwenye makaa.

"Kijana, ngamia hupigwa chapa akiwa wa mwaka mmoja. Chuma ni kidogo, hakizidi kiganja chako. Kovu litakua pamoja naye. Ukiona chapa ndogo kwenye ngamia mkubwa, uliza."

"Niulize nini, bwana?"

"Uliza alizaliwa kwa nani."

Baadaye nilihamishiwa Elwak, mpakani, nikawa mchanjaji chini ya Ofisa wa Mifugo aliyekuwa mkali kama pilipili ya kukaanga. Huyo alinifundisha kusoma umri wa mnyama kwa meno na kuvitilia shaka vibali vya kusafirisha mifugo. "Kibali kinaandikwa ofisini," alikuwa akisema, "meno yanaota porini." Kutoka Elwak nikapelekwa Buna, na huko nilikaa miaka mingi zaidi ya nilivyopenda. Nilipochoka kuchanja ngamia wa wenzangu, niliacha kazi, nikarudi nyumbani kufuga wangu.

Ranchi yangu iko kaskazini ya Garissa, na mabwawa yake mawili ya kuvuna maji ya mvua, ambayo sisi huyaita silanga, tuliyachimba kwa mikono. Chapa yangu ni nusu mwezi na mstari mmoja chini yake, upande wa kushoto wa shingo. Kwa chapa hiyo nililea watoto sita, na Halima, binti yangu wa tatu, akasomea udaktari wa mifugo.

Sasa nieleze kosa langu, maana nililifanya na macho yangu yakiwa wazi. Waswahili wa pwani husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi majembe hatuna, na kwa siku tatu hatumwulizi mgeni hata anatoka wapi. Anapewa maziwa na kivuli, na mifugo yake inanyweshwa. Kwenda kukagua ngamia wa mgeni kabla hajakuonyesha mwenyewe ni sawa na kumwita mwizi.

Walikuja wanaume watatu na ngamia kumi na tisa, wakaomba kupumzika kwenye silanga ya mbali. Niliwapelekea maziwa, na ngamia wao sikuwakagua. Asubuhi ya siku ya tatu walikuwa wameondoka, na ngamia wamebaki wamechanganyika na wangu. Nilidhani wamefuata mnyama aliyepotea. Siku ya nne wakaja polisi, na pamoja nao mzee mmoja wa Eldas aitwaye Dubow, aliyefuata nyayo za ngamia wake kwa miguu mpaka kwenye ua wangu.

"Mzee, hawa ni ngamia wako?" akauliza mkuu wa kituo.

"Si wangu, afande. Ni wa wageni."

"Wageni gani?"

"Sijawauliza."

Alinitazama kama mtu anayesikiliza mtoto akidanganya. Kisha akamshika ngamia mmoja, akanionyesha shingo yake. Palikuwa na nusu mwezi na mstari mmoja chini yake, kidonda bado kibichi. Wote kumi na tisa walikuwa hivyo. Wageni wangu walikuwa wamewapiga ngamia wa Dubow chapa yangu, wapone katikati ya kundi langu, kisha wao warudi kuwachukua na kuwauza kwa jina langu.

Nilimtolea Dubow chai. Hakuipokea.

"Adeer, mimi najua kila mnyama yangu kwa sauti," akasema, akiniita ami kwa Kisomali hata katika hasira. "Na wewe naweka moto juu yao. Wallahi sitakunywa kitu yako."

Nililala mahabusu siku mbili. Vyuma vyangu vya chapa vilichukuliwa kama ushahidi, kibali cha ranchi kikasimamishwa, na sokoni Garissa shamba langu likapewa jina: ranchi ya wezi. Marafiki niliokunywa nao chai miaka yote walianza kukumbuka shughuli za haraka kila nilipokaribia. Kesi ikinishinda, ningefungwa, na ugomvi baina ya ukoo wa Dubow na wangu ungerithiwa na watoto ambao hata hawakuwepo. Niliogopa, sioni haya kusema. Niliogopa zaidi kufa nikiwa na jina lile.

Adhuhuri moja nilikuwa nikitazama ndama wangu wakinyweshwa, na mama zao nyuma wakingoja zamu. Nikaona chapa ya ndama, nikaona ya mama. Nikasimama ghafla, Halima akadhani nimeumwa na nge.

"Baba, nini?"

"Wale wajinga," nikamwambia, "hawajawahi kufuga."

Nilimwomba mkuu wa kituo alete vyuma alivyovichukua, na amlete Dubow na ngamia wake, na chifu awe shahidi. Tulikutana asubuhi kwenye silanga, watu kama thelathini wakitazama, wengi wao wamekuja kuniona nikiaibika. Nilianza na ndama wangu aliyepigwa chapa wiki chache nyuma. Nikamwekea chuma kikiwa baridi juu ya kovu: kikakaa sawasawa. Kisha nikamleta mama yake. Kovu lilikuwa limekua naye, karibu mara mbili ya chuma, limetanuka, kingo zimefifia.

"Sasa mlete wa mzee Dubow," nikasema.

Chapa ilikuwa kubwa kama ya yule mama, lakini kidonda kibichi, kingo kali. Nikampa mkuu wa kituo chuma. Akakiweka, akakizungusha, akakiinua, akakiweka tena. Kilielea katikati ya kidonda kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake.

"Afande, kidonda kipya hakizidi chuma kilichokichoma. Wezi waliiga chapa walivyoiona kwenye ngamia wangu wazima. Wakatengeneza chuma kikubwa hivyo hivyo. Hawakujua kwamba chapa huanza ndogo."

Chifu akakohoa. "Unaweza kuwa na chuma kingine."

Kabla sijajibu, Dubow alichukua chuma mkononi mwa afande. Alikijaribu kwa ngamia wake mmoja mmoja, wote kumi na tisa. Jua likapanda, na hakuna aliyeondoka.

"Chifu," akasema mwishowe, "mtu amefuga tangu ujana hawezi kupiga ngamia mkubwa chapa kubwa. Kovu yake haitatanuka, kingo itabaki kali, itaonekana uongo kwa kila mfugaji. Hii kazi ya mtu wa kuiba tu." Akanigeukia. "Chai iko?"

Chai ilikuwepo.

Haikupita mwezi, watu watatu walishikwa katika soko la mifugo la Modogashe wakiwa na ngamia wengine wenye nusu mwezi wangu, na kibali cha bandia chenye jina langu. Chuma kilikuwa kwenye mizigo yao. Kiliingia kwenye vidonda vya ngamia wa Dubow bila kubaki nafasi ya unywele. Mkuu wa kituo alinirudishia vyuma vyangu mwenyewe, tena siku ya soko, akiwa na sare kamili, akanishika mkono mbele ya umati. Sitajifanya mnyenyekevu: nilitembea soko zima nikiwa nimevibeba begani, na nilihakikisha napita mbele ya kila kibanda cha wale wenye shughuli za haraka.

Siku hizi ranchi iko mikononi mwa Halima. Mgeni bado hatumwulizi kitu mpaka siku tatu ziishe, maana sitaki wezi watatu waniondolee mila ya babu zangu. Lakini ngamia wake tunamwuliza siku ile ile: shingo, shavu, paja, meno. Anayekasirika anaelekezwa barabara. Polisi nao huleta hapa mifugo iliyoibwa ili itambuliwe na wenyewe.

Vijana huniuliza siku gani ilinifurahisha kuliko zote katika kazi hii. Wanatarajia niseme ile ya silanga. Nawaambia ni siku moja ya ukame, mwaka niliomwachia Halima ranchi, malisho ya Eldas yalipokwisha. Niliona vumbi, kisha ngamia, kisha Dubow nyuma yao, amechoka. Alikunywa maziwa, akapumzika, akaswali, kisha akachukua fimbo yake arudi kwao.

"Adeer," nikamwita, "hujaacha mchungaji. Nani atalinda ngamia wako?"

Hakusimama.

"Kwani wewe hauko?" akasema.