Kitambaa Cheusi cha Keroka

Vijana wakiona picha za zamani huniuliza kwa nini wazee wetu walikuwa wamekasirika vile. Hawakukasirika. Waliambiwa wasitikisike. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia, miaka mingi, pale Masimba, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya mahindi kabla sijakiita studio. Nilikuwa nasema, "Usipumue," na mzee wa Kisii ukimwambia asipumue, hapumui mpaka umpe ruhusa. Kuna mmoja nilimsahau hivyo, nimetoka nje kuamulia watu waliokuwa wanagombana juu ya mbuzi. Niliporudi macho yamemtoka kama ya chura. Nikapiga. Picha ile aliipenda mpaka akaitundika juu ya mlango. Alisema ndani yake anaonekana mtu wa maana.

Shule mimi nilifika darasa la tatu, ng'ombe wa baba wakaniita. Kwa hiyo maneno yangu yakipinda mahali, msomaji ayanyooshe mwenyewe, ana mikono.

Sasa, wapiga picha tulikuwa watatu tuliojuana. Mimi wa Masimba. Mwenzangu wa Keroka, mtu wa Sabato, mnene, mwenye sauti ya kuhubiri hata akiomba chumvi. Na wa tatu wa Kisii mjini, kijana wa tai, aliyekuwa na gazeti moja la Kizungu la mambo ya picha, ukurasa wa kwanza umeng'oka. Huyu wa mjini ndiye alituletea ugonjwa. Alisema huko kwa Wazungu wapiga picha hukutana, hupeana mada moja, kila mmoja analeta picha yake, wanaelezana ufundi. "Na sisi tufanye," akasema, "tuache kuishi kama nyuki, kila mtu na mzinga wake." Sikumwambia kwamba nyuki hukaa wengi ndani ya mzinga mmoja. Tai yake ilinitisha.

Tukakubaliana tukutane Keroka, hoteli ya chai nyuma ya stendi, Jumapili alasiri. Jumamosi haikuwezekana kwa sababu ya Sabato, Jumapili asubuhi haikuwezekana kwa sababu wa mjini ni Mkatoliki. Mimi nilikuwa wa kanisa lolote lenye harusi.

Mada ya kwanza ilikuwa Ng'ombe. Wa mjini alileta jicho la ng'ombe, jicho tupu, likajaa karatasi nzima. Tukalitazama. Wa Keroka akauliza, "Na ng'ombe mwenyewe yuko wapi?" Akajibiwa kwamba hiyo ndiyo sanaa. Akasema, "Ukiuziwa ng'ombe kwa picha hii utapelekwa mpaka kwa chifu."

Mada ya pili, Kazi. Hapo sote tuliaibika pamoja. Nilikwenda kumpiga mtu akilima, naye alipoona kamera aliweka jembe chini, akakimbia nyumbani, akarudi na koti, kiatu, na saa ya shemeji yake. Akalishika jembe kama mtu anayemshika mtoto wa jirani aliyejikojolea. Wenzangu nao walileta hivyo hivyo: fundi wa viatu amevaa suti, mama wa sokoni ameficha ndizi zote ili zisimharibie picha. Ukitazama picha zetu za mada ya Kazi, utadhani wilaya nzima ilikuwa likizo.

Kisha tulikuwa tunajadili ufundi, na hapo ndipo chai ilikuwa inapoa. Wa mjini alikuwa na kipima mwanga, kidude cha mfukoni chenye sindano. Sindano ilikufa siku kilipoanguka kwenye beseni la dawa ya kuoshea picha, lakini yeye alikiinua juu, akakikodolea, akatikisa kichwa kama daktari, kisha akaiweka kamera palepale alipoiweka siku zote. Wa Keroka alisema mwanga hupimwa kwa ngozi ya mkono. Mimi nilimtazama mteja: akikunja uso, mwanga umezidi, akipanua macho, ama umepungua ama mteja ana deni. Tulibishana juu ya hayo kwa miaka, na picha zetu zilifanana.

Basi. Ng'ambo ya ua wangu kulikuwa na mama mjane. Nitamwita Mong'ina, ndivyo sisi huwaita wanawake wazima kwa heshima. Mwanawe alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa Mombasa, kazi ya bandari, hajakanyaga nyumbani tangu walipomzika baba yake. Alikuwa akituma sukari, blanketi, salamu. Mama hakutaka blanketi. Alikuwa na blanketi za kutandika njia mpaka Keroka. Alitaka kijana arudi, akae, nyumba ya baba yake isifungwe na utando wa buibui siku yeye atakapokwenda.

Siku moja akanijia. "Wewe mtu wa picha. Nipige picha ya kumrudisha mtoto."

Nikaona hii ni mada. Nikaipeleka Keroka, wenzangu wakaipokea kwa mikono miwili: mwezi huu, mada ni Mama.

Nikampiga mimi kwanza, kwa ufundi wangu wote. Nikamweka kwenye kiti cha mikono, redio ya studio kwenye mapaja, maua ya plastiki upande, viatu vya mke wangu. Redio haikuwa na kitu ndani, ila kwenye picha hakuna anayejua. Akatoka kama mke wa waziri. Tukaituma. Jibu likaja: "Mama, nimefurahi sana kuona hali yako. Umenenepa na una redio. Sasa moyo wangu umetulia, hata sina haraka ya kuja."

Mong'ina aliposomewa alinigeukia. "Umemtuliza," akasema. "Nani alikuambia nataka atulie?"

Basi mwezi uliofuata tukabadilisha mada ikawa Shida. Hapo tukagundua jambo la ajabu: hakuna hata mmoja wetu aliyejua kupiga shida. Ufundi wetu wote ulikuwa wa kuificha. Na Mong'ina mwenyewe, shida anayo, lakini kuivaa mbele ya kamera hataki. Nilimwambia asimame mlangoni, pale paa linapovuja. Niliporudi na kamera ameutandika mlango shuka jeupe la maua, amejipaka mafuta, amevaa gauni la mke wa katekista.

"Mong'ina, tunataka shida!"

"Shida utaiona kwa sauti. Nitasimamaje uchi wa umaskini mbele ya watu wa Mombasa? Wataniona wenzake!"

Wa mjini akasema tumwachie, yeye atampiga uso peke yake, makunyanzi yote, kama lile jicho la ng'ombe. Alimsogelea na kamera mpaka karibu wagusane pua. Mama akarudi nyuma.

"Na miguu yangu?"

"Miguu haitaonekana, mama. Uso tu."

"Mimi nimeiba nini? Kichwa peke yake ni cha kipande cha kitambulisho na cha polisi. Mtoto akiona nimekatwa shingo, atajua nimekufa, atatuma blanketi la kunizikia."

Ndipo wa Keroka akasafisha koo. Alikuwa na kitu ambacho sisi wawili tulikionea wivu: kitambaa kikubwa cheusi, kizito, kimeshika ukuta mzima wa studio. Kwa kitambaa hicho alikuwa anatengeneza pacha. Anakukalisha upande wa kushoto, anapiga, hazungushi filamu, anakuhamisha upande wa kulia, anapiga tena palepale. Filamu haioni kitu cheusi, kwa hiyo picha inatoka na wewe wawili, mnaamkuana. Watu walitoka mpaka Nyamira kuja kujisalimia. Mimi nilijua wanaume ambao hawakuwasalimia ndugu zao, lakini wamelipia kujisalimia wenyewe.

"Nyeusi huleta huzuni yenyewe," akasema wa Keroka. "Mleteni. Hata akivaa kama bibi arusi, atatoka mjane."

Tukampeleka siku ya soko. Sisi wawili tukasimama nyuma kujifunza. Kabla yetu alikuwapo mzee mmoja mfanyabiashara wa ndizi, kofia, fimbo, masharubu yaliyochanwa vizuri, aliyetaka pacha. Alishakaa upande wa kushoto, akanyoosha mkono wa kulia kusalimia hewa, akapigwa. Alipokuwa anainuka kuhamia upande wa pili, lori lililobeba ndizi zake likapiga honi stendi, likaanza kuondoka. Mzee alitoka mbio, fimbo juu, akipiga kelele, "Simama we mbwa! Ndizi zangu!" na hakurudi siku ile.

Sisi tukacheka, Mong'ina akaingia, akaketi upande wa kulia kwa sababu huko ndiko kiti kilikuwa na mto. Wa Keroka akaanza kutuhubiria. "Wenzangu, mpiga picha ni kichwa. Mkono unaweza kusahau, kichwa kisisahau. Kila mara ujiulize: filamu iko wapi? Nimezungusha? Sijazungusha?" Akatugeukia ili tuelewe vizuri zaidi. Kisha akamwambia mama aweke shavu kwenye kiganja, atazame chini, afikirie mtoto. Akapiga. Hakuzungusha.

Jumapili iliyofuata akaja hotelini na bahasha, uso umemshuka. Akaitoa picha, akaiweka mezani kati ya vikombe. Kushoto, mzee wa kofia ananyoosha mkono, masharubu yanatabasamu. Kulia, Mong'ina ameinamisha uso, shavu kwenye kiganja, kama msichana anayebembelezwa na anajifanya hajasikia. Safi, nyeusi yote nyuma yao. Sijapata kuona picha nzuri kama ile, na sikuipiga mimi.

Wa mjini akainua kipima mwanga chake, akakitazama, akakirudisha. "Mpangilio ni mzuri," akasema.

"Nitaichoma," akasema wa Keroka. "Nitampiga upya bure."

Lakini Mong'ina mwenyewe akafika, maana hakuwa mtu wa kungojea kuitwa. Akaitwaa. Akatazama. Sisi tukatazama vikombe.

"Huyu mwanamume ni nani?"

"Ni makosa, mama. Ni ya filamu. Yule wa lori—"

"Yule aliyetukana dereva?" Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Bega moja likaanza kutikisika, la pili likafuata, nikaona anacheka. "Tuma."

"Mong'ina, hii?"

"Tuma hii hii. Na wewe wa Masimba, juu ya bahasha andika jina la mwanangu. Ndani usiandike hata salamu."

Jamani, mtoto yule alikuja kabla wino wa bahasha haujakauka, ndivyo nisemavyo mimi. Alishuka kwenye basi Masimba na sanduku dogo, tai imezunguka mgongoni, hakumsalimu mtu. Mimi nilikuwa kwenye ua wangu nikikata majani ambayo hayakuhitaji kukatwa, kwa hiyo nilisikia yote.

"Yuko wapi?"

"Nani? Kwanza karibu, mwanangu. Nawa mikono."

"Huyu! Anayekaa na wewe kwenye picha! Kiti cha baba amekalia nani?"

"Kula kwanza. Ugali wa wimbi umepoa."

"Sili mpaka nimwone."

"Atapita," akasema mama, taratibu, kama anayezungumzia mvua. "Hana siku maalumu."

Basi kijana akakaa kumngojea mtu ambaye hayupo. Alingoja huku akiezeka upya paa, maana hakutaka mwanamume mwingine aje aseme nyumba hii haina mwenyewe. Alingoja huku akiziba ua. Alilima mahali pa chai. Kila nilipopita aliniuliza kama nimemwona mzee wa kofia, nami nilisema macho yangu si mazuri, jambo ambalo mpiga picha hapaswi kulitangaza. Mong'ina alipika mboga za chinsaga kila siku, akanenepa kweli, bila redio.

Mwishowe kijana alisoma muhuri nyuma ya picha, akaenda Keroka. Wa Keroka alimweleza kitambaa, filamu, kuzungusha, kutozungusha. Alieleza kwa sauti ya kuhubiri mpaka watu wakajaa mlangoni. Kijana hakuamini hata neno. "Mtu hawezi kukaa na mama yangu bila kukaa na mama yangu," akasema. Na ukifikiri sana, unaona ana haki.

Akamtafuta mzee soko kwa soko, akamkamata Daraja Mbili, katikati ya mikungu ya ndizi. Akamshika shati, akampandishia picha puani. Mzee alitulia. Akatoa miwani, akavaa. Akajitazama mwenyewe kwanza, akaridhika. Kisha akamtazama Mong'ina.

"Kijana," akasema, "niachie shati. Mama huyu ni wa wapi? Ana mtu?"

Alikuwa mjane naye, wa upande wa Nyamira. Jumapili ya wiki ile akaja, kofia imepigwa brashi, mkungu wa ndizi kichwani mwa mtu aliyemfuata. Mong'ina akamkaribisha, "Ingia, mogaka," ndivyo tunavyomwita mwanamume mzima kwa heshima, akampa chai. Kijana akavuta stuli akaketi katikati yao, akakunja mikono, hakuinuka hadi mzee alipoaga. Na Jumapili iliyofuata vivyo hivyo. Likizo yake ya Mombasa ikaisha. Alikwenda huko akachukua vyombo vyake, akarudi, maana alisema akimwacha mama peke yake wiki mbili atakuta kofia imetundikwa ukutani. Akapanda chai. Baadaye akaoa msichana wa hapo hapo.

Wenzangu walibishana kule hotelini Keroka mwaka mzima ni ufundi wa nani uliomrudisha. Wa mjini alisema ni wazo lake la mada. Wa Keroka akaacha kabisa kusema ilikuwa makosa; alianza kuwafundisha watu kwamba kuna wakati mpiga picha mkubwa hazungushi filamu kwa makusudi.

Mimi nilimuuliza Mong'ina siku moja, tukiwa uani, mzee ameshaondoka na kijana ameshuka mtoni kuwanywesha ng'ombe.

"Huyu mogaka ni mtu mzuri. Anakuja kila Jumapili. Utamkubali lini?"

Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Nimkubali, halafu huyu wangu aseme mama sasa ana wa kumtunza, arudi Mombasa? Mwache mzee aje, anywe chai, aende."